Kumbe ni Karibu: Safari ya Nusu Saa kutoka Malindi hadi Lamu



Wiki hii naomba niwasimulie safari ya nusu saa. Si safari ya Hija wala ya Umra, wala si ya nchi ya mbali. Ni safari ya kutoka uwanja wa ndege wa Malindi hadi uwanja wa Manda, ule unaouhudumia mji wa Lamu. Wengi wenu mnaijua miji hii miwili, na huenda baadhi yenu mna mama upande mmoja na watoto upande wa pili, kama nilivyokuwa mimi.

Nilizaliwa Lamu, mtaa wa Langoni, nikaolewa Malindi, na huko nikapata kazi ya ualimu katika shule ya msingi. Miaka ya mwanzo ya ndoa sikupitisha likizo hata moja bila kwenda kumwamkia mama. Kisha watoto wakaja, mmoja baada ya mwingine. Ada za shule zikaongezeka. Ikaja miaka ya hali mbaya ya usalama, mabasi yakawa yanasindikizwa na askari, na kila aliyesafiri aliaga kwao kama anayekwenda vitani. Ziara zikapungua kutoka tatu kwa mwaka hadi moja, kisha hata hiyo moja ikawa ya kuahirishwa. Mahali pa ziara pakakaliwa na simu. Kila Ijumaa baada ya Alasiri nilimpigia mama, tukaulizana hali, akaniombea dua, nikakata simu nikiwa nimeridhika kwamba wajibu nimeutimiza.

Watu wakiniuliza kama sioni dhiki kukaa mbali na kwetu, nilikuwa na jibu moja. Nilisema, "Lamu si mbali. Ni nusu saa tu kwa ndege." Jibu hilo nililitoa kwa miaka mingi, na katika miaka hiyo yote sikuwahi kuipanda ndege hiyo hata mara moja. Nauli yake ilikuwa ya wageni na wafanyabiashara, si ya mwalimu mwenye watoto wanne. Lakini kule kujua tu kwamba ipo, na kwamba ni nusu saa, kulinipa utulivu. Nilijiona niko karibu na mama, ingawa sikuwa nimemtia machoni kwa miaka miwili na miezi minne.

Novemba 2023 mvua za El Niño zilinyesha kwa wingi, mto Tana ukafurika, na barabara ya Garsen kwenda Lamu ikakatika. Magari yalikwama upande huu na upande ule, na abiria wakawa wanavushwa kwa mashua mahali ambapo wiki chache kabla palikuwa na lami. Katika siku hizo, jioni moja baada ya Magharibi, kaka yangu alinipigia simu. Hakuzungusha maneno. Alisema, "Mama ameshikwa na homa ya mapafu. Daktari amempa dawa, lakini hali yake si nzuri. Jitahidi uje."

Nilikaa na simu mkononi nikiyapima yaliyowezekana. Basi halikuwa na njia. Bahari ilikuwa imechafuka, na hakuna nahodha aliyekuwa tayari kuchukua abiria mwendo mrefu namna ile. Ikabaki ile ndege niliyokuwa nikiitaja kila siku. Shemeji yangu, ambaye kazi yake ni kuongoza watalii, alitafuta usiku kucha kwa simu, na kabla ya Alfajiri akapata habari ya ndege ndogo ya kukodiwa iliyokuwa ikienda Manda kuchukua wageni waliokwama. Ilikuwa ikienda tupu, na wenyewe wakakubali kutupa nafasi mbili. Tulilipa tulichokuwa nacho, na kilichobaki akakibeba yeye. Mwenyezi Mungu amlipe.

Nafasi ya pili ilikuwa ya mwanangu wa kwanza, aliyekuwa na miaka 17 wakati huo, awe mahram wangu njiani na mkono wangu wa kulia nikifika. Mume wangu alibaki na wadogo.

Tuliondoka nyumbani saa mbili asubuhi, tukiwa tumeambiwa ndege itaruka saa tatu. Uwanja wa Malindi si mkubwa. Ukiketi mahali pa kungojea unauona wote: njia ya kurukia, bendera ya upepo, na minazi upande wa pili. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Wingu zito lilikuwa limetanda upande wa kaskazini, na rubani hakuwa radhi kuondoka kabla halijapasuka. Nilisoma Yasin mara tatu. Kila simu ilipolia moyo ulinidunda, nikidhani ni kaka. Nusu saa niliyoijua kwa miaka mingi ilikuwa imekwisha kula saa tatu na dakika arobaini, na bado tulikuwa tumekaa juu ya benchi.

Mwanangu ni kijana wa hesabu, na alipoona nimezama katika mawazo alitoa daftari ili anishughulishe. Alinieleza kwamba Malindi iko digrii 3 na dakika 14 hivi kusini mwa Ikweta, na Manda iko digrii 2 na dakika 15. Tofauti ni karibu digrii moja, na digrii moja ni kilomita 111. Kwa hiyo kwenda kaskazini tuna kilomita 109 hivi. Tena Lamu imesogea mashariki kuliko Malindi kwa kilomita 90 hivi. Akachora pembetatu, akakokotoa, akaniambia, "Mama, kwa mstari ulionyooka ni kilomita 141. Ndege kama hii huenda kilomita 300 kwa saa. Ni dakika 28." Kisha akachora na njia ya basi, inayoingia bara hadi Garsen, ikavuka Tana, ikarudi pwani kwa kupitia Witu hadi Mokowe. Njia hiyo inapita kilomita 200 kwa mbali. "Barabara inazunguka mto," akasema, "ndege haiujali mto."

Saa tano na dakika arobaini tuliruka. Ilikuwa ndege ya rafadha moja, na sauti yake ilijaa ndani kiasi kwamba tulizungumza kwa ishara. Nilikuwa nimenuia nisichungulie dirishani, lakini nilichungulia. Niliuona mto Sabaki ukiingia baharini na kuyageuza maji kuwa mekundu kwa udongo wa bara. Niliiona Mambrui na misikiti yake. Niliiona Ngomeni, na kule baharini ile minara ya chuma ambako Waitaliano walikuwa wakirushia setilaiti zamani, pamoja na ile iliyorushwa siku ya Jamhuri mwaka wa 1970 ikaitwa Uhuru. Kisha ghuba ya Ungwana ikafunguka, na ng'ambo yake Kipini, mahali Tana inapomwaga maji yake. Siku hiyo mto haukuwa na ukingo. Ulikuwa umelala juu ya mashamba na malisho kama shuka la rangi ya chai, na vilele vya miembe vimechomoza juu yake. Niliwafikiria watu waliokuwa chini pale, waliopoteza mahindi yao na mifugo yao, nami napita juu yao nikiharakisha shida yangu. Nikawaombea.

Haukupita muda mrefu, mikoko ikaanza, kijani kibichi kilichokatwakatwa na mikondo ya maji. Nikaviona vilima vya mchanga vya Shela, nikauona mji wenyewe umejibanza kando ya maji, na machozi yakanitoka. Tulitua Manda. Mwanangu aliitazama saa yake, akaniinulia vidole: dakika 31. Tatu zilizozidi, aliniambia baadaye, ni za kuzunguka ili kuupata upepo.

Wakati wa Adhuhuri ulikuwa umeingia. Tulipata mahali kivulini tukiingoja mashua ya kutuvusha, na mwanangu alipokwisha kutawadha aliniuliza swali ambalo nadhani wengi wenu mngeuliza. "Mama, tumesafiri nusu saa tu, wala hatukuchoka. Kweli tutafupisha swala?"

Nilimjibu kama nilivyofundishwa chuoni nikiwa msichana. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, kinachotazamwa ni masafa, si uchovu wala muda. Masafa hayo ni marhala mbili, ambayo maulamaa wa siku hizi huyakadiria kuwa kilomita 80 na kitu, na sisi tulikuwa tumevuka 140. Tena jambo hili si geni kwa wanavyuoni wetu. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 1277, zama ambazo hakuna aliyeiota ndege ya chuma, alikwisha kueleza katika Minhaj kwamba bahari ni kama nchi kavu, na kwamba mwenye kuyakata masafa hayo kwa muda mfupi bado ana ruhusa yake. Basi mwanangu akaniswalisha rakaa mbili. Nyumbani, kwa kuwa nilinuia kukaa zaidi ya siku nne, niliswali kamili.

Nayasema haya si kwa kujifanya mufti, maana masuala ya swala yana wenyewe wa kuulizwa. Nayasema kwa sababu pale kwenye mchanga wa Manda, nikitoa salamu, nilipata fikra ambayo sikuielewa vizuri hadi baadaye kidogo: kwamba sheria haikudanganyika na wepesi wa ndege. Kwa sheria, Malindi na Lamu ni mbali, hata ukifika kwa nusu saa. Mimi ndiye niliyedanganyika.

Mashua ilituvusha hadi jeti ya Lamu. Hamali akaubeba mzigo wetu kwenye mkokoteni, tukapita vichochoro vile vile, tukiwapisha punda wale wale, na watu barazani wakaniamkia kwa jina la mama yangu: "Binti wa fulani amekuja." Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi. Saa saba na robo niliingia nyumbani kwetu. Kutoka mlango wangu hadi mlango wa mama ilikuwa saa tano na robo, na katika hizo nusu saa tu ilikuwa angani.

Mama alikuwa amelazwa chumba cha ndani, ameegemezwa mito ili aweze kupumua. Alikuwa amepungua mwili kiasi kwamba kanga ilimzunguka mara mbili. Nilipiga magoti nikaushika mkono wake nikaubusu. Alifungua macho, akanitazama kwa muda, kisha akatabasamu.

"Mwanangu. Umekuya."

"Nimekuja, mama."

"Ndia imefunguliwa?"

"Bado, mama. Tumekuja na ndege."

Akanyamaza akivuta pumzi. Katika maisha yake yote mama hakuwahi kupanda ndege. Kwake yeye, Malindi ilikuwa ya jahazi la babu yangu: siku mbili na usiku mmoja kwa pepo za kaskazi, na pepo zikikataa, Mungu ndiye ajuaye. Baadaye ikawa ya basi, kutwa nzima katika vumbi na mashimo, unafika huwezi kuinua shingo. Kwa vipimo hivyo ndivyo alivyokuwa akinihesabia umbali.

"Na ndege ni muda gani?" akauliza.

Nikamjibu haraka, kwa ile fahari ya zamani, bila kupima. "Nusu saa tu, mama."

"Nusu saa?"

"Nusu saa."

Akamgeukia mke wa kaka yangu aliyekuwa ameketi miguuni pake, na uso wake ukang'aa kama wa mtu aliyeletewa bishara. "Umesikia? Nami nikidhani mwanangu yuko mbali. Kumbe ni karibu hivyo." Kisha akafumba macho, akalala, mkono wake ungali ndani ya wangu.

Ndugu wasomaji, mama hakunilaumu. Lau angenilaumu ningekuwa na la kujibu: ningemweleza nauli, ningemweleza mafuriko, ada, mitihani ya shule na hali ya usalama. Lakini alifurahi. Alifurahi kwamba niko karibu, na furaha yake ilinikata kuliko lawama yoyote. Kwa miaka miwili na miezi minne mama yangu alikuwa akinitolea udhuru kwa majirani. Baadaye mke wa kaka aliniambia maneno aliyokuwa akiyasema kila Idi: "Hawezi kuja, maskini, Malindi ni mbali." Mimi huku nikiwaambia watu kwamba Lamu ni karibu ili nisijione nimemtupa, na yeye kule akiwaambia watu kwamba Malindi ni mbali ili wasinione nimemtupa.

Usiku ule, nikimpangusa jasho, ndipo nilipoielewa ile fikra ya Manda. Tumepewa neema ya njia nyepesi, na kila njia inavyorahisika ndivyo udhuru unavyopungua. Bibi yangu aliolewa Mombasa, akaja kuonana na mama yake mara tatu katika umri wake wote, na hakuna aliyemlaumu, kwa sababu bahari na pepo zilikuwa shahidi wake. Mimi nina basi, nina simu, nina ndege angani. Shahidi wangu ni nani? Nilikuwa nimeuchukua wepesi wa njia nikaufanya badala ya safari. Nilihesabu kwamba kwa kuwa ninaweza kufika kwa nusu saa, basi ni kana kwamba nimefika.

Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu dawa zilimkubali. Siku ya tano aliomba uji wa mtama, siku ya tisa akaketi mwenyewe kitandani. Nilirudi Malindi barabara ilipofunguka, na sikurudi kwa ndege, kwa kuwa sikuwa na nauli yake. Nilirudi kwa basi, saa tano na zaidi pamoja na vizuizi vya ukaguzi. Nikiwa ndani ya basi nilitoa kalenda na kalamu. Nilijiuliza swali moja tu, ambalo nilipaswa kujiuliza miaka mingi kabla: si "Lamu ni mbali kiasi gani?" bali "Nitakwenda lini?" Nikaziandika tarehe. Nikamwonyesha mume wangu, tukakubaliana tutapunguza nini ili nauli ya basi ipatikane. Tulipunguza mambo mawili ya kawaida, moja likiwa ni nguo za Idi kushonwa mpya kila mwaka, na wala hakuna aliyekufa kwa hilo.

Baada ya hapo mama aliishi miezi kumi na minne. Katika miezi hiyo nilikwenda mara saba. Mara nyingine nilifika Ijumaa usiku nikaondoka Jumapili asubuhi, na muda mwingi nilikuwa nimeketi tu karibu naye nikimenya vitunguu au nikimsuka nywele. Alinifundisha tena kukata ukili, jambo ambalo nililikimbia nikiwa msichana. Alinisimulia habari za jahazi la babu ambazo sikuwahi kuzisikia katika simu zote za Ijumaa. Na kila mgeni aliyeingia alimwambia, kwa fahari ile ile, "Huyu mwanangu anakaa Malindi. Si mbali. Ni nusu saa." Nami sikumsahihisha.

Siku yake ilipofika, ilifika ghafla. Alifariki usiku wa kuamkia Ijumaa. Nilipanda basi la kwanza, na nilikuwa nimefika Witu kaka aliponipigia na kuniambia kwamba wamekwisha kumuosha na kumkafini, na kwamba ataswaliwa baada ya swala ya Ijumaa, maana maiti hangojeshwi. Nikamwambia wasiningoje. Sikuwahi kumuosha mama yangu, na jambo hilo nitalibeba. Lakini nilipoketi msibani na wanawake wa mtaa wakawa wananisimulia siku zake za mwisho, karibu kila walichonisimulia nilikuwa nikikijua. Nilikuwepo. Nilimshukuru Mwenyezi Mungu kwa ile ndege ya Novemba, si kwa sababu ilinifikisha kwa nusu saa, bali kwa sababu ilinifikisha mama akiwa angali na pumzi ya kusema neno lile.

Tumefundishwa tangu utotoni kwamba kuunga udugu huleta baraka katika riziki na katika umri. Sikuandika haya ili kumtia hatiani dada aliye mbali na kwao asiye na uwezo. Udhuru wa kweli Mwenyezi Mungu anaujua. Nimeandika kwa yule aliye kama nilivyokuwa mimi, mwenye kusema kila siku kwamba kwao ni karibu. Dada yangu, kaa leo baada ya Isha na kalenda yako. Usihesabu kilomita, usihesabu dakika za ndege. Hesabu ni siku ngapi zimepita tangu ulipoushika mkono wa mama yako, kisha uandike tarehe ya kwenda.

Mwenyezi Mungu awarehemu wazazi wetu waliotangulia, awape afya na umri wenye kheri waliobaki, na asitufanye wa kujuta baada ya wakati kupita. Amin.